Magurudumu ya Kuhimili Miteremko ya Bonde la Ufa

Kwenye miteremko ya Nakuru, sehemu ya baiskeli inayotangulia kuharibika mara nyingi si fremu wala gia, bali ni gurudumu. Rimu hupinda, spoku hukatika moja baada ya nyingine, ekseli hukunjika, na aliyepanda mlima akiwa na hamu ya kuteremka hujikuta akiisukuma baiskeli hadi barabara ya lami. Mwongozo huu ni wako wewe unayependa mtindo uitwao friraidi: kushuka mlima kwa kasi, kuruka kingo na mashimo, na kutua na uzito wako wote. Mtindo huo ulikomaa huko British Columbia, Kanada, katika miaka ya 1990, na mwaka 2001 likaanzishwa shindano la Red Bull Rampage katika jangwa la Utah, Marekani. Waendeshaji wa huko wakivunja rimu leo, kesho wana nyingine. Huku kwetu spea ya kigeni huagizwa, ikasubiriwa, ikalipiwa ushuru. Ndiyo maana ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: gurudumu imara kwa mwendeshaji wa Bonde la Ufa ni lile lililokazwa sawasawa, na ambalo fundi wa hapa hapa anaweza kulitengeneza likiumia. Bei na jina la kampuni hufuata baadaye.

Anza na njia, si duka

Kabla ya kutoa pesa, jiulize njia unayoipenda hulipiga gurudumu vipi. Kila pembe ya eneo hili ina namna yake ya kuharibu.

Menengai ina kaldera yenye ukubwa wa takriban kilomita 12 kwa 8, na ukingo wake uko zaidi ya mita 400 juu ya mji wa Nakuru. Njia zake ni za udongo wa majivu ya volkano, mwepesi usioshika tairi, na mvua za Machi hadi Mei huuchimba makorongo membamba. Hapo gurudumu hupigwa ubavuni: tairi linateleza kwenye mdomo wa korongo, baiskeli inaegemea upande, na rimu inasukumwa kando badala ya kubanwa kutoka juu. Gurudumu ni dhaifu zaidi upande huo. Ukishuka ndani ya kaldera unakutana na lava iliyoganda kwa mabonge yenye ncha, na humo hatari kubwa ni ukuta wa rimu kugongwa na jiwe.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mbuga ya taifa tangu 1984, na ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli. Si mahali pa kuruka. Fuata njia zilizoruhusiwa na uwape wanyama nafasi yao. Kinachosumbua huko ni miiba ya migunga na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo na kukata kama kioo. Obsidiani ipo pia upande wa Eburru.

Miteremko ya Mau na ya Subukia ni mirefu, na wakati wa mvua hugeuka tope. Huko breki ndizo zinazolichosha gurudumu. Gilgil na Kariandusi, penye machimbo ya diatomaiti, vumbi ni jeupe na laini kama unga, na hupenya hadi kwenye gololi za habu. Diatomaiti hutumika pia katika dawa za kung'arishia vyuma, kwa hiyo fikiria inachofanya ikichanganyika na grisi.

Soma kipimo kwenye ubavu wa tairi

Majina ya inchi yanachanganya. Angalia nambari zilizochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 57-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na ndiyo isiyodanganya. 559 ni inchi 26, kipimo cha baiskeli nyingi za mlimani za mtumba. 584 ni inchi 27.5. 622 ni inchi 29. Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya kubebea maziwa na magunia, hutumia 635, na tairi lake halikai kwenye rimu ya baiskeli ya mlimani hata ulilazimishe.

Gurudumu dogo ni imara kuliko kubwa ikiwa rimu, spoku na habu ni za aina moja, kwa sababu spoku zake ni fupi na hazipepesuki. Kubwa huvuka mawe kwa urahisi zaidi. Waendeshaji wengi wa kisasa huweka 622 mbele na 584 nyuma, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba uzito mwingi wakati wa kutua, lakini fremu lazima iwe imetengenezwa kwa mpangilio huo. Kwa anayejenga baiskeli kwa pesa kidogo, 559 bado ni chaguo la busara hapa: matairi na tyubu zake zinapatikana kwa urahisi, na gurudumu lenyewe ni gumu kupinda.

Rimu: kuta mbili, aluminiamu, upana wa kutosha

Rimu ya ukuta mmoja haifai kuruka. Kuijua ni rahisi. Toa tairi na ule utepe wa ndani: ukiona vichwa vya nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoku, vimekaa hapo hapo juu, ukuta ni mmoja. Ukiona tundu pana, na nipeli iko chini zaidi ndani ya uwazi, rimu ina kuta mbili. Uwazi huo ndio unaoipa rimu ugumu wa kustahimili kupigwa.

Chagua aluminiamu. Rimu ya chuma cha pua au cha kromu ni nzito, na kwa baiskeli yenye breki za kubana rimu ni hatari, kwa sababu chuma kikilowa breki karibu hazishiki. Rimu ya kaboni ni ngumu na nyepesi, lakini ikipasuka juu ya lava ya Menengai haina fundi. Aluminiamu ikibonyea kidogo hunyooshwa kwa uangalifu, nawe ukarudi nyumbani ukiwa juu ya baiskeli.

Upana wa ndani wa milimita 30 hivi unalingana vyema na tairi la inchi 2.4 au 2.5. Rimu nyingi za zamani za mtumba zina milimita 19 au chini ya hapo. Tairi pana likivalishwa juu yake huyumba kila unapokata kona. Rimu za kazi hii huwa na gramu 550 au zaidi, basi ukiuziwa nyepesi sana kwa sifa ya kasi, mwachie anayeshindana kupanda milima.

Kuhusu breki, nenda kwenye breki za diski ukiweza. Breki ya kubana rimu husaga rimu yenyewe, na tope lenye chembe za volkano huiharakisha kazi hiyo. Ukuta wa rimu ukiliwa hadi ubavu wake ukabonyea kwa ndani, rimu hiyo imekwisha hata kama bado imenyooka. Isitoshe, rimu ikipinda kidogo breki za diski huendelea kushika, na zile nyingine hukwama.

Spoku: nguvu yote iko kwenye mkazo

Spoku ni waya. Haiwezi kusukuma, inaweza kuvuta tu. Gurudumu husimama kwa sababu kila spoku imekazwa kabla hujapanda. Ukitua, spoku za chini zilizo karibu na ardhi hupunguziwa mkazo kwa nukta moja, kisha huupata tena gurudumu linapozunguka. Jobst Brandt, mhandisi aliyeandika kitabu cha Kiingereza kuhusu gurudumu la baiskeli mwaka 1981, alilieleza jambo hili kwa hesabu. Ikiwa mkazo wa mwanzo ni mdogo, spoku hizo hulegea kabisa kila mzunguko: nipeli hujifungua polepole, na spoku hukunjwa na kunyooshwa pale pale ilipopindishwa kuingia kwenye habu.

Chukua spoku iliyokatika uitazame kwa karibu. Mara nyingi imekatikia kwenye kile kiwiko. Utaona sehemu kubwa ya mkato ni laini na imefifia, na sehemu ndogo ni chakavu na inang'aa. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitambaa kwa muda mrefu. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika siku yenyewe. Jiwe ulilogonga leo halikuikata spoku peke yake, lilimaliza tu kazi iliyoanzwa na kulegea. Basi anayesema "spoku zangu hukatika kwa sababu mimi ni mzito" huenda tatizo lake ni mkazo.

Kwa friraidi taka spoku 32 kwa uchache, na 36 kwa gurudumu la nyuma ukipata habu na rimu zenye matundu hayo. Si mawazo mageni: Waingereza waliounda baiskeli za aina ya Black Mamba walizoea kuweka spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakijua mzigo uko wapi. Nunua spoku za chuma kisichoshika kutu zenye unene wa milimita 2.0. Bora zaidi ni zile zenye milimita 2.0 kwenye ncha mbili na 1.8 katikati. Usidhani wembamba huo ni udhaifu. Sehemu ya katikati hunyumbuka kidogo, kiwiko kikapata nafuu. Nipeli ziwe za shaba. Za aluminiamu huliwa na kutu na hukwama, na siku ya kunyoosha gurudumu huvunjikia mkononi mwa fundi.

Urefu wa spoku usikisiwe. Ikiwa fupi, nipeli hushikilia kwa nyuzi chache na kuvunjika kichwa. Ikiwa ndefu, hutokeza na kutoboa tyubu. Spoku nzuri huishia usawa wa mfereji wa bisibisi ulio kwenye kichwa cha nipeli.

Habu na ekseli

Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu gia za nyuma ni friwili iliyofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Tatizo lake liko ndani: gololi za upande wa kulia hukaa mbali na fremu, kipande kirefu cha ekseli kikabaki hewani bila mhimili. Ukiruka, hapo ndipo ekseli inapokunjika. Habu ya kaseti ina gololi karibu kabisa na fremu, na ekseli yake hudumu. Ili kuzitofautisha, zungusha gia kwa nyuma na uangalie yale meno ya katikati yanayoingia spana ya kufungulia. Yakizunguka pamoja na gia, ni kaseti. Yakitulia huku gia zikizunguka, ni friwili, na hiyo iachie safari za sokoni.

Ekseli nene zinazopita kutoka upande mmoja hadi wa pili ndizo imara: milimita 15 au 20 mbele, 12 nyuma. Lakini zote mbili pamoja na upana wa habu ni lazima zilingane na fremu na foku yako. Nyuma upana unaweza kuwa milimita 135, 142, 148 au 157. Mbele mara nyingi 100 au 110. Pima kwa rula kabla ya kuagiza.

Kuhusu gololi kuna njia mbili, na zote zinafaa. Gololi za kawaida na koni zake hufunguliwa na fundi yeyote, zikasafishwa, zikapakwa grisi mpya. Beringi za kufungwa huhitaji kubadilishwa zikichoka, ila ubavuni zina nambari, kwa mfano 6902 au 6001. Andika nambari hiyo kwenye simu yako. Maduka ya beringi huuza kwa nambari, na muuzaji hana haja ya kujua kwamba ni ya baiskeli.

Tairi na upepo

Tairi ndilo kinga ya kwanza ya rimu. Chukua upana wa inchi 2.4 hivi, lenye ubavu ulioimarishwa, kwa sababu obsidiani hukata ubavu, wala si kashata za juu. Mfumo usio na tyubu, unaotumia dawa ya maji ya kuziba pancha, hulipa sana penye miiba ya migunga: mwiba unatoboa, dawa inaziba, unaendelea. Dawa hukauka kwa joto, basi fungua uangalie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Beba tyubu moja hata hivyo. Ubavu ukichanwa, dawa haitoshi.

Mwendeshaji wa kilo 75 hivi anaweza kuanza na psi 23 mbele na 26 nyuma bila tyubu, au psi 28 hadi 32 akiwa na tyubu, kisha arekebishe. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza. Ukirushwarushwa na kila kokoto, punguza. Usimwachie mtu wa kituo cha mafuta ajaze kwa kukisia. Pampu yake hujaza tairi la baiskeli kwa sekunde chache na kulipita kiasi.

Valvu nayo ina uzito wake. Valvu ya Schrader, kama ya gari na pikipiki, hujazwa popote penye boda boda. Valvu nyembamba ya Presta huhitaji adapta ndogo; funga moja kwenye ufunguo wako wa nyumba. Usitoboe rimu ya Presta ili kuipanua, hasa ikiwa nyembamba. Unaipunguzia nguvu bila faida.

Kukagua gurudumu la mtumba

Magurudumu mazuri hupatikana kwenye mitumba, lakini usinunue kwa kutazama rangi. Fanya haya kwa utaratibu:

1. Lizungushe likiwa limefungwa kwenye baiskeli, ukiweka kidole karibu na rimu. Kuyumba kwa milimita moja au mbili hunyooshwa. Ikiwa rimu inaruka juu na chini mahali pamoja, imebonyea, na hiyo ni vigumu kuiponya.
2. Pitisha ukucha kuzunguka kila tundu la spoku. Nyufa ndogo zinazoanzia kwenye tundu ni hukumu ya rimu.
3. Piga kila spoku kwa ukucha usikilize. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito, ya chini, imelegea. Ukisikia nyingi za namna hiyo, mkazo umekwisha.
4. Shika rimu uitikise kando. Ikicheza, gololi au koni zimelika.
5. Zungusha ekseli kwa vidole. Ikikwaruza kama kuna mchanga, hesabu gharama ya beringi kwenye bei unayotoa.

Ukiona spoku tatu au zaidi za upande mmoja zimebadilishwa kwa zile za rangi tofauti, zilizobaki nazo zimechoka. Nunua tu ikiwa habu na rimu ni nzuri, kisha lisukwe upya kwa spoku mpya zote.

Zungumza na fundi

Fundi wa kusuka gurudumu ni mtu wa kutafutwa na kutunzwa. Ulizia wanaobeba mizigo kwa Black Mamba ni nani huwasukia. Mtu ambaye gurudumu lake hubeba magunia hawezi kulipa kazi mbovu mara mbili. Ukimpata, mweleze unachofanya na baiskeli, tena kwa heshima: "Fundi, hili ni la kuruka milimani. Naomba kila spoku ivuke tatu, na ikaze hadi mwisho wa kiasi rimu inachokubali."

Kuvuka tatu maana yake kila spoku hupishana na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye rimu, na ile ya mwisho hupita kwa upande wa pili. Spoku kupishana ni lazima kwa breki za diski, kwani nguvu ya breki hupitia habu na spoku kabla ya kufika ardhini. Mkazo mzuri kwa rimu nyingi za aluminiamu ni kilo 100 hadi 120 kwa spoku. Gurudumu la nyuma huwa na mkazo mkubwa upande wa gia; la mbele lenye diski, upande wa kushoto. Ulinganifu unaotakiwa ni wa spoku za upande mmoja, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi.

Kabla hajamaliza, mwombe azishike spoku mbili mbili zilizo sambamba na kuzikandamiza kwa nguvu, gurudumu zima, kisha anyooshe tena. Hatua hiyo hulaza viwiko vya spoku kwenye habu. Ikiachwa, utasikia milio ya "ting" kwenye mteremko wa kwanza, na gurudumu lililotoka limenyooka litarudi limepinda. Mwisho, ligeuze gurudumu kwenye foku, kushoto kuwa kulia. Rimu isipokaa katikati pande zote mbili, halijakamilika. Kazi hii huchukua muda, basi usimharakishe, na umlipe inavyostahili.

Matunzo yanayolinda pesa zako

Baada ya safari mbili au tatu za kwanza, zipige spoku tena kwa ukucha na ukaze zilizolegea, robo mzunguko kwa mara moja, ukigawa kazi kwa spoku za jirani. Baadaye ifanye kila mwezi. Baada ya safari za vumbi la Gilgil au tope la Mau, safisha kwa ndoo, kitambaa na brashi. Usipeleke baiskeli kwenye kioshio cha magari. Pampu ya presha husukuma maji na mchanga hadi ndani ya beringi na kufukuza grisi yote.

Jifunze pia kunyoosha gurudumu mwenyewe. Kule Kikuyu, David Kinjah, mlezi wa kwanza wa mwanabaiskeli Chris Froome katika mchezo huu, amewalea vijana wa Safari Simbaz kwa kuwafunza kutengeneza baiskeli sawa na kuziendesha. Vijana wetu wa Nakuru wanastahili malezi hayo hayo. Anza na gurudumu kuukuu la mbele, spana ya spoku, na kipande cha chaki ukikishika kwenye foku: mahali chaki inapogusa ndipo rimu ilipokwenda kombo. Kaza spoku ya upande wa pili kidogo, legeza ya upande huo kidogo, zungusha, tazama tena.

Na ikiwa pesa hazitoshi kwa kila kitu, zigawe hivi: kwanza spoku mpya na usukaji mzuri, pili rimu ya kuta mbili, tatu tairi lenye ubavu imara, kisha habu ya kaseti, na mwisho kabisa wepesi. Anza na gurudumu la nyuma. Ukifuata mpangilio huo, hata rimu ya mtumba itakushusha Menengai na kukurudisha mjini ikiwa imenyooka, nawe utakuwa na akiba ya kununua nyingine itakapohitajika.